Sura ya Tano: Mafua Yasiyoisha

Nalasi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, mtu akipiga chafya hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Ni salfa. Mikorosho ikianza kuchanua, ubwiri unga huvamia maua na kuyafunika kwa ukungu mweupe. Yakipukutika, msimu umekwenda. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini mwaka 1979, na kinga iliyozoeleka ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni. Kazi hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Wingu la njano hupanda hadi kileleni, huning'inia kidogo, kisha hushuka na kumkuta mwenye mashine bado yupo chini ya mti. Wengine hujifunga kitambaa, wengine kipande cha kanga, wengine hawajifungi chochote. Jua likishapanda, macho yamekuwa mekundu, koo linawasha na kamasi hazikauki.

Kwa hiyo kijana wa Nalasi mwenye mafua ya miezi mingi ana maelezo tayari mfukoni, na kila mtu anayakubali. Eneo hili liko wilaya ya Tunduru, mashariki mwa mkoa wa Ruvuma, upande wa kuelekea mpaka wa Msumbiji, na korosho ndiyo inayolipa ada ya shule na kununua bati. Nani atailaumu pua kwa kulalamika? Ila salfa ina msimu wake. Ikifika Desemba, mashine zimewekwa stoo na korosho zimepelekwa ghalani, pua iliyochokozwa na salfa inapaswa kuwa imetulia. Ambayo bado inatoa gaga lenye damu mwezi Januari inasema jambo jingine, na mara mojamoja jambo hilo limeanzia mbali sana na pua, kule chini kwenye utumbo.

Maradhi ninayoyazungumzia ni mawili yanayofanana kama ndugu wa baba mmoja. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo daktari wa London, Samuel Wilks, aliieleza mwaka 1859: utando wa utumbo mpana huvimba, huchubuka na kuvuja damu, kuanzia kwenye puru na kupanda juu. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, aliandika juu ya wagonjwa ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba na kuziba. Crohn haukai kwenye utando wa juu tu. Hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo, na unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ukiruka sehemu moja na kuishika nyingine. Maradhi haya mawili hayaambukizi. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo huwasha moto ndani ya utumbo kisha ikashindwa kuuzima. Moto hutulia miezi, hata miaka, halafu huwaka tena.

Waganga walikuja kugundua kwamba moto huo haubaki tumboni. Viungo huuma, magoti na vifundo hasa. Jicho huwa jekundu na kuogopa mwanga. Kwenye miguu huota vinundu vyekundu vyenye maumivu. Mdomoni hutokea vidonda vinavyokuja na kuondoka sambamba na hali ya utumbo. Orodha hiyo imo katika kila kitabu cha udaktari. Pua haimo katika vingi, na pale ilipo hupewa sentensi moja, kwa kuwa wagonjwa walioripotiwa duniani kote ni wachache. Uchache huo ndio unaonifanya niipe sura nzima, kwani kitu kisichoulizwa hakiandikwi, na kisichoandikwa huonekana hakipo.

Tuitazame pua yenyewe. Mgonjwa ameinua uso, taa imeelekezwa, mwanzi wa pua umepanuliwa kwa kifaa kidogo cha chuma. Pua ya mafua ya kawaida ina utando wa waridi uliolowa. Hii ina utando mwekundu uliokauka na kuvimba, wenye punje punje, na juu yake gaga la kahawia na nyeusi lililogandamana na damu. Ukilibandua, panavuja. Pembeni, nyama za ndani zimevimba hadi hewa inapita kwa shida. Sasa mwanga ukielekezwa kwenye ukuta wa kati unaotenganisha mianzi miwili, huonekana upande wa pili: ukuta umetoboka.

Tundu hilo lina historia yake. Ukuta wa kati, kwa mbele, ni gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu. Inaishi kama mpangaji asiye na bomba, anayechota maji kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Jirani hao ni utando wa pande zote mbili. Mmoja akifunga, mpangaji hujikimu kwa mwingine. Wakifunga wote wawili mahali pamoja, gegedu hufa. Tundu dogo hupiga mluzi mtu anapopumua, na wapo waliogundua ugonjwa wao kwa sababu mwenzao wa kitandani alilalamika. Likipanuka, mluzi hukoma na badala yake huja gaga, damu na harufu. Likipanuka zaidi, mgongo wa pua hubonyea.

Vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, ambavyo wengi wetu tumezoea kuviita sainasi, navyo huingia matatani. Milango yake ni midogo na hufungukia puani. Utando ukivimba, milango huziba, uchafu hubaki ndani, paji la uso na mashavu huwa mazito, na mtu akiinama kufunga kamba za viatu anahisi kichwa kinataka kupasuka. Mwaka 2003 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa utumbo na kuona kwamba maradhi sugu ya pua na sainasi yalijitokeza zaidi kwa wale ambao utumbo wao ulikuwa umewahi kuziba.

Pua na utumbo zinajuanaje? Chembechembe nyeupe za damu zinazolinda utumbo hufundishwa kazi hukohuko utumboni, kisha huingia kwenye damu na kuzunguka mwili, zikisaka ukuta wenye alama ya kuzirudisha nyumbani. Njia za hewa nazo zina utando wenye walinzi wa aina hiyo, na inafikirika kwamba baadhi ya chembechembe zilizokasirikia utumbo hupotea njia zikashukia huko. Kuna dalili moja inayonivutia. Dawa iitwayo vedolizumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2014, hufanya kazi kwa kuzizuia chembechembe hizo zisiingie utumboni, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika zaidi kwa wanaoitumia ni mafua na maumivu ya koo. Huo si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini unaonyesha kwamba ukigusa mlango wa utumbo, pua inaweza kupiga chafya.

Msomaji wa Tunduru ana haki ya kuniuliza: haya si maradhi ya Wazungu? Kwa muda mrefu hivyo ndivyo ilivyosemwa, na waliosema hawakuwa wavivu. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi Uganda, alikusanya katika kitabu chake cha 1960 maradhi yasiyoambukiza aliyoyaona na ambayo hakuyaona kwa Waafrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyeanzia Lira mwaka 1946 na kuhamia Mulago, Kampala, alipasua matumbo mengi kiasi cha kujua kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida. Wote wawili walikubaliana kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu Afrika Mashariki, na Burkitt akahitimisha kwamba siri ilikuwa katika nyuzinyuzi za chakula. Kwa baadhi ya maradhi alikuwa na hoja nzito. Kwa kolaitisi na Crohn hoja hiyo haikusimama imara hivyo, na hapo hapo Kampala, katikati ya miaka ya 1960, Billinghurst na Welchman walichapisha habari za Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne ni wachache, lakini walitosha kuonyesha kwamba ugonjwa haukuwa umezuiliwa mpakani.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa watu waliohama. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, familia nyingi kutoka Uganda, na nyingine kutoka Kenya, zilihamia Leicester, Uingereza. Miongo miwili baadaye madaktari wa mji huo walihesabu wagonjwa na kukuta kolaitisi ya vidonda inawapata wakazi wa asili ya Bara Hindi karibu mara mbili ya wenyeji Wazungu. Damu ya watu haikubadilika kwa kupanda ndege. Kilichobadilika ni mazingira, na tusisahau kwamba hata uchunguzi ulibadilika: mtu anayeharisha damu Leicester huingiziwa kamera utumboni, ilhali anayeharisha damu kijijini hupewa metronidazo. Naamini maradhi haya yalikuwa machache kweli kwetu, na kwamba yanaongezeka kweli. Naamini pia kwamba sehemu ya uchache wake ilitokana na kutokuwepo kwa mtu wa kuyatafuta.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tumpe umri wa miaka 27, mkulima, ameletwa kituo cha afya na mama yake. Mganga ni mdogo kuliko mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea huyu. Mafua hayamtoki, mwaka wa pili sasa. Salfa hiyo."

"Pole, mama. Na chakula anakula?"

"Anakula, lakini hakikai. Si unamwona alivyokwisha?"

Kijana anatazama sakafu. Mganga mwenye haraka angeandika dawa ya mafua na kumwita anayefuata. Mganga makini ameshika neno la mama, *hakikai*, na anajua pia kwamba mwanamume aliyetoka jandoni hawezi kusimulia choo chake mbele ya mama mzazi. Atamwomba mama kwa adabu akapumzike nje kwenye benchi. Mlango ukishafungwa ndipo yanapotoka: choo mara sita kwa siku, damu na ute, kuamka usiku, maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, jipu karibu na haja kubwa lililopasuka lenyewe mwaka jana na halijapona vizuri. Hakuna aliyemuuliza. Kuhusu pua aliulizwa kila alipokwenda, kwa kuwa pua ilionekana.

Daktari wa London akiyasikia hayo, wazo lake la kwanza ni Crohn. Mganga wa Tunduru hana ruhusa ya kuanzia hapo. Kifua kikuu hupenda kukaa mahali palepale, mwisho wa utumbo mwembamba, upande wa kulia. Hukondesha vilevile, huleta homa vilevile, na kinaweza kugusa pua. Amiba na shigela huleta damu chooni. Kichocho cha tumbo huleta damu chooni. Virusi vya Ukimwi hufungua mlango kwa vijidudu vya kuharisha na vya sainasi kwa pamoja. Kwa upande wa pua, kaswende hutoboa ukuta wa kati, kwa kawaida ule wa mfupa. Ukoma nao huingia puani mapema: pua huziba, hutoa gaga na damu, na ukiachwa hula gegedu. Tanzania ilifikia lengo la kimataifa la chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, lakini hesabu ya taifa si hesabu ya kijiji, na wilaya kadhaa za kusini zimeendelea kuandikisha wagonjwa wapya. Kwa hiyo kabla ya kamera, kijana avue shati, ngozi itazamwe mabaka yasiyohisi pamba, na mishipa ya kiwiko ipapaswe. Kazi hiyo haihitaji umeme. Makohozi yapimwe, damu ipimwe, choo kitazamwe kwenye hadubini zaidi ya mara moja. Aulizwe pia kuhusu ugoro.

Mpangilio huu wa maswali hautokani na unyonge wa hospitali zetu. Ni uhai wa mgonjwa. Dawa inayotuliza Crohn haraka ni prednisoloni, na prednisoloni hushusha kinga. Akipewa mwenye kifua kikuu cha utumbo bila dawa za kifua kikuu, wiki mbili za mwanzo atajisikia vizuri, atawashukuru wote, kisha ugonjwa utasambaa. Kuna pia mnyoo mdogo, stronjiloidi, unaoingia kwa kupenya ngozi ya miguu peku na kukaa mwilini miaka mingi bila fujo. Kinga ikishushwa, huzaliana bila kizuizi na unaweza kuua. Dawa mpya zaidi, kama infliksimabu, nazo zinajulikana kwa kuamsha kifua kikuu kilicholala. Hata kipimo cha damu cha kutafuta ugonjwa wa mishipa unaoharibu pua na figo kinaweza kupotosha, kwa sababu wagonjwa wengi wa kolaitisi huonyesha jibu linalokaribiana na la ugonjwa huo.

Pakiwa na shaka, ni kinyama kinachoamua: kipande kidogo kutoka puani, vingine kutoka utumboni, vikapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Katika Crohn huonekana vifundo vya chembechembe visivyooza katikati. Katika kifua kikuu mara nyingi katikati pameoza. *Mara nyingi*, si daima. Ndiyo maana katika nchi zenye kifua kikuu kingi mgonjwa mwenye utata huanzishiwa kwanza dawa za kifua kikuu, kisha utumbo ukatazamwa tena kwa kamera baada ya miezi michache. Vidonda vikiwa vimepona, jibu limepatikana. Vikiwa palepale, Crohn hupanda juu ya orodha.

Kuna hatari nyingine ambayo haiko hospitalini kabisa, iko njia panda, kwenye kaunta ya duka la dawa. Mkoa wa Ruvuma ndiko ulikojaribiwa kwanza, mwaka 2003, mpango wa Duka la Dawa Muhimu, uliowapa wauzaji wa vijijini mafunzo na kibali, na baadaye ukasambaa nchi nzima. Ni mpango mzuri. Kabla yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Lakini mgonjwa wetu huingia humo mara nyingi kuliko anavyoingia kituo cha afya, na kila mara huingia na kipande kimoja tu cha mwili wake. Leo analeta pua: anaondoka na matone ya kufungua pua, ambayo yakitumika kwa wiki kadhaa huifanya izibe zaidi na kukausha utando ambao tayari ni mgonjwa. Kesho analeta kichwa na mashavu yanayouma: anaondoka na diklopa, dawa ya maumivu, na dawa za jamii hiyo zinaweza kuwasha upya utumbo uliokuwa umetulia. Keshokutwa analeta usaha puani: anaondoka na antibaotiki, nayo huua bakteria wema wa utumboni na kumwachia nafasi *Clostridioides difficile*, anayeleta kuharisha kusikotofautika kirahisi na moto wa kolaitisi. Halafu analeta tumbo, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anapewa omeprazo. Muuzaji hakukosea bidhaa hata moja. Alijibu kile alichoulizwa.

Hospitali kubwa zina ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. Daktari wa masikio, pua na koo yuko jengo moja, wa mfumo wa chakula jengo jingine, na faili la mgonjwa halitembei lenyewe. Kijana wa Nalasi akipewa rufaa, ana safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduru mjini kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea, au karibu kilomita 400 kwenda ile ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Ikishindikana, Muhimbili, Dar es Salaam, na huko anahitaji nauli, chakula na ndugu wa kumpokea. Safari ya namna hiyo haifai kufanywa na cheti cha rufaa kilichoandikwa "mafua sugu". Atapokelewa idara ya pua, ataoshwa sainasi, atarudi nyumbani na utumbo wake vilevile. Cheti kinachomfaa kina mistari michache: pua imeziba kwa muda gani na kama ukuta umetoboka; choo mara ngapi, kuna damu au hakuna; amepungua kilo ngapi; jipu la karibu na haja kubwa; vipimo vya kifua kikuu, Ukimwi, kaswende na choo vilivyokwishafanyika, na majibu yake; dawa zote alizonunua mwenyewe. Kukiandika ni dakika kumi.

Ikithibitika ni Crohn, pua huwa na bahati kidogo kuliko magoti, maana haitulii daima utumbo unapotulia, lakini mara nyingi hutulia. Dawa ni zilezile za utumbo: prednisoloni kwa muda mfupi, kisha azathioprini au nyingine ya kushikilia. Puani kwenyewe, dawa ya kupuliza ya jamii ya prednisoloni, na kuosha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku: maji yaliyochemka na kupoa, ujazo wa glasi moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na magadi ya unga kidogo kama yapo. Gaga lisichokonolewe kwa kucha. Mafuta laini ya kupaka husaidia usiku. Msimu wa salfa ukifika, mwingine ashike mashine, au kijana avae barakoa ya kweli inayoshika vumbi. Tundu dogo lisilosumbua huachwa. Linalovuja damu na kupiga mluzi linaweza kuzibwa kwa kifungo cha silikoni kinachoingizwa bila kupasua sana, nacho hutolewa na kusafishwa. Upasuaji wa kulifunga kabisa husubiri hadi ugonjwa uwe umelala muda wa kutosha, kwa sababu utando wenye moto haushiki mshono, na daktari wa upasuaji anayeharakisha huishia na tundu kubwa kuliko alilolikuta.